Tovuti Mpya Ipimwe Kenyenya, Mtandao Ukikatika

Ukishabonyeza "Lipa", halafu kile kiduara kikaanza kuzunguka bila kuisha, huwa unafanya nini? Swali hili tumewauliza wateja wengi, na jibu huwa karibu lile lile: nangoja kidogo, nikiona kimya nabonyeza tena. Wengine hubonyeza mara tatu. Hapo hakuna ujinga wowote. Mtu akibisha hodi na asiitikiwe, anabisha tena. Tofauti ni kwamba hodi ya pili haimtoi mtu pesa. Karo ya mtoto ikikatwa mara mbili wiki ya kufungua shule, ile ya pili ilikuwa pesa ya unga na mafuta ya taa.

Tumeanza na hicho kitufe kwa sababu msimu huu kila mtu anabadilisha tovuti. Benki, sacco, kampuni za malipo, ofisi za serikali, wote wanakuja na "sura mpya". Sisi pia tuko kwenye kazi hiyo. Na ndani ya kila ofisi inayofanya kazi ya aina hii kuna mvutano mmoja. Wahandisi wanataka mfumo imara, salama, ambao hautawaamsha saa nane usiku. Watu wa upande wa mteja, sisi wa masoko tukiwa mbele, tunataka kurasa za kupendeza na hatua chache. Basi muda na bajeti vinagawanywa kama shamba la urithi: ukiongezewa wewe, mimi nimepunjwa.

Maoni yetu ni kwamba shamba hilo limepimwa vibaya tangu mwanzo. Kwa mtu anayelipa kwa simu, sehemu kubwa ya urahisi anaousikia inatoka kwenye kazi ya wahandisi, kazi ambayo hataiona hata siku moja. Na mengi ya yale tunayoyaita urahisi wa mtumiaji, yaani picha kubwa, rangi, mabango yanayoteleza kutoka kulia kwenda kushoto, ndiyo yanayomchelewesha.

Kwa nini Kenyenya

Tunachukua mfano wa Kenyenya, huko Bomachoge Borabu, Kaunti ya Kisii, kwa sababu ni mahali pa kawaida kabisa. Si jangwani, si Westlands. Ni milima na mabonde, chai na migomba, miwa upande wa chini, na mvua ambayo alasiri nyingi inakuja bila kuomba ruhusa. Ukiwa juu sokoni simu inashika vizuri. Ukiteremka mtoni, unabaki na laini moja ya mtandao, au huna kitu. Stima ikipotea, kila mtu anaanza kuhesabu asilimia za betri.

Angalia nani yuko hapo sokoni. Kuna kijana wa boda mwenye simu ya skrini kubwa iliyopasuka kona moja, na data ya kununua kwa shilingi kumi kumi. Kuna mwanafunzi ambaye simu yake imejaa mpaka haiwezi kupokea programu nyingine bila kufuta picha za harusi ya dada yake. Kuna mkulima aliyepokea malipo ya mwezi ya majani chai na anataka kulipa deni la mbolea leo, kabla hizo pesa hazijapata matumizi mengine. Kuna mama anayeuza mkungu wa ndizi kwa lori la kwenda Nairobi, na yeye ana kabambe. Na kuna wakala, ambaye watu wote hao wakikwama wanamwendea yeye, si sisi.

Huyo mama wa kabambe tumsimamie kidogo. Ukimwangalia akituma pesa, utaona hasomi menyu. Vidole vinajua njia: moja, moja, namba ya simu, kiasi, PIN. Amekariri nafasi, hakukariri maneno. Mwenye ofisi Nairobi anaweza kusema, "Tumepanga menyu upya ili iwe rahisi kuelewa," na kwenye karatasi atakuwa sahihi. Lakini kwa mama yule, kuhamisha "Tuma Pesa" kutoka namba moja hadi namba tatu ni kama mtu kuja usiku kuhamisha mlango wa nyumba yake. Angalia menyu ya M-Pesa iliyo kwenye laini ya simu: miaka yote hii, na mambo yote yaliyoongezwa, kutuma pesa bado kuko juu kabisa na kutoa pesa kunafuata. Sisi tunaona huo ni ubunifu mkubwa, ingawa hakuna anayepewa tuzo kwa kuacha kitu mahali pake.

Mhandisi ndiye alimfikia mama kwanza

Tukiwa hapo kwa M-Pesa, inafaa kukumbuka ilivyoanza, kwa sababu wengi hudhani ilipendwa kwa sababu ya matangazo. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakisimamiwa na watu wa Vodafone, Nick Hughes na Susie Lonie, pamoja na Safaricom. Wazo halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa ni wakopaji wa Faulu Kenya walipe mikopo yao kwa simu. Lakini wale wachache waliopewa kujaribu wakaanza kufanya mambo yao. Wengine waliweka pesa kwa wakala mji mmoja na kuzitoa mji mwingine ili wasisafiri na noti mfukoni. Wenye biashara walizilaza humo usiku kwa sababu benki zilikuwa zimefungwa. Wengine walinunua salio na kuwatumia jamaa huko mashambani. Walioendesha mradi waliona hayo yote, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 6, 2007, jambo kubwa halikuwa mkopo tena. Lilikuwa kutuma pesa nyumbani.

Hapo watu wa masoko tunapenda kupiga kifua: mmeona, mteja alisikilizwa! Ni kweli. Lakini kuna uamuzi wa kiufundi uliokuja kabla, nao haukuwa na mvuto wowote. Menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe, na maagizo yakasafiri kwa meseji iliyofungwa kwa siri. Kwa hiyo haikujalisha una simu gani. Simu ya bei ya chini kabisa ilifanya kazi sawa na ya bosi. Uamuzi huo ulimfikisha mama wa ndizi kwenye huduma kabla hata tangazo halijabandikwa ukutani. Ukituuliza ni uhandisi au ni urahisi wa mtumiaji, tutakwambia hatujui pa kukata.

Hata zile menyu za kuanza na nyota, kama *334#, zimebanwa na uhandisi kwa faida yetu. Ujumbe mmoja wa USSD hauchukui zaidi ya herufi 182. Mwandishi analazimika kusema jambo lake na kuondoka. Tungekuwa na sheria kama hiyo kwenye tovuti, nusu ya maneno yetu ya "suluhisho bunifu kwa maisha yako ya kidijitali" yangekufa kifo cha kawaida.

Rudi kwenye kile kiduara

Sasa turudi kwenye kile kitufe cha "Lipa", kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea.

Ukibonyeza na mtandao ukakatika, kuna mambo mawili yanaweza kuwa yametokea. Huenda agizo lako halikufika kabisa kwenye mfumo. Huenda pia lilifika, pesa zikakatwa, na kilichopotea njiani ni jibu la kukwambia kwamba zimekatwa. Ukiwa umeshika simu pale sokoni mvua inanyesha, hali zote mbili zinafanana: kiduara kinazunguka. Huwezi kujua ni ipi. Na kwa muda, hata mfumo wa upande wa pili unaweza kuwa bado unangojea jibu kutoka benki au kampuni nyingine.

Dawa yake ipo, na wahandisi wanaijua siku nyingi. Ni kwamba kila agizo la malipo lipewe namba yake ya pekee kabla halijaondoka kwenye simu yako. Ukibonyeza mara ya pili, agizo linaenda na namba ile ile. Mfumo ukiiona unasema: hii nimeshaipokea, sikati tena, ngoja nikupe jibu la ile ya kwanza. Mkulima wa chai ataelewa haraka. Karani akishapima majani yako na kukupa risiti, ukirudi saa moja baadaye na risiti ile ile hakupimii gunia la pili. Namba ni ile, mzigo ni ule.

Kazi hii haionekani. Hakuna picha ya kuiweka kwenye bango. Ukimaliza kuijenga, tovuti inafanana kabisa na ilivyokuwa jana. Ndiyo maana kwenye mikutano ya "sura mpya" inaweza kusukumwa mbele hadi awamu ya pili, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua awamu ya pili huwa inaishi wapi. Sisi tunasema iwe awamu ya kwanza, siku ya kwanza, kabla ya mtu kuchagua rangi ya kijani. Kama bajeti haitoshi, ikatwe yetu. Bango moja kubwa lisitengenezwe. Mteja hatalilia.

Lakini wahandisi nao wasiondoke mezani bado, kwa sababu kuna nusu ya kazi wanayoihitaji kwetu. Tovuti nyingi zikikwama zinaandika: "Hitilafu imetokea. Tafadhali jaribu tena." Sentensi hiyo fupi ni hatari. Inamwambia mtu abonyeze tena wakati hakuna anayejua kama mara ya kwanza ilipita. Mhandisi aliiandika akifikiria mfumo. Hakufikiria mtu mwenye shilingi 3,000 za mwisho. Sentensi inayofaa ingekuwa hivi: "Bado hatujajua kama malipo yako yamepita. Usilipe tena. Tutakutumia meseji." Ili kuiandika, anahitajika mtu wa lugha wa kuifanya ieleweke na mhandisi wa kuhakikisha ni ya kweli. Mmoja peke yake hawezi. Mtu wa lugha ataahidi meseji ambayo mfumo hauna uwezo wa kutuma, na mhandisi atakuandikia "Error 504".

Hatua isipunguzwe ovyo

Kuna wimbo mwingine kwenye kazi hizi: hatua zipungue. Skrini tatu ziwe mbili, mbili ziwe moja. Na kweli kuna hatua za kukera. Kuulizwa jina lako la kati na mfumo ambao unalo tayari, hiyo iondoke hata leo.

Ila si kila hatua ni mzigo. Angalia ile huduma ya Hakikisha kwenye M-Pesa. Kabla pesa hazijaondoka unaonyeshwa jina la mwenye namba, na ulipewa kama sekunde 25 za kusimamisha. Kwa mtu anayehesabu kasi tu, hizo ni sekunde za bure. Kwa mtu aliyekosea tarakimu moja, hizo ndizo sekunde zenye thamani kuliko zote za siku hiyo. Pesa zikishaingia kwa mtu usiyemjua, ukapeleka ile meseji kwa 456 kuomba zirudishwe, bado unaomba Mungu awe hajazitoa.

Na hapa Kisii kuna jambo ambalo mtu wa Nairobi anaweza kulisahau. Majina yetu yanafanana. Ukiandika jina moja tu, "Nyaboke" au "Omwenga", ukurasa haujakwambia kitu. Kijiji kizima kina hao. Ukurasa wa kuthibitisha ukibanwa ili ukae vizuri kwenye skrini, na jina la pili likakatwa ili mstari upendeze, hiyo si sura nzuri. Ni mtego wenye rangi. Kwa hiyo msimamo wetu ni mkavu: punguzeni uzito wa ukurasa mpaka muishiwe, lakini ukurasa unaoonyesha jina, kiasi na ada ya kutuma uachwe kama ulivyo, na herufi zake ziwe kubwa.

Hesabu ya wastani hudanganya

Tumetaja uzito. Kuna kisa kimoja cha wahandisi tunakipenda sana, na hakikutokea Afrika ingawa Afrika imo ndani yake. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi YouTube, alisimulia mwaka 2012 jinsi alivyoamua kupunguza ukurasa wa kutazamia video. Ulikuwa unakaribia megabaiti 1.2. Alikata, akakata, hadi ukafika kilobaiti 98, na mradi ukaitwa Feather, yaani unyoya. Wakaufungulia watu wachache kupima. Takwimu zilipokuja, alichanganyikiwa: kwa wastani, muda wa ukurasa kufunguka ulikuwa umeongezeka. Ukurasa mwepesi mara kumi na zaidi, na wastani umekuwa mbaya!

Jibu lilipatikana walipotazama takwimu kwa maeneo. Watu wa sehemu za Afrika, Amerika ya Kusini, Kusini-Mashariki mwa Asia na Siberia walikuwa wameanza kuingia. Kwao ule mwepesi ulichukua zaidi ya dakika mbili, ndiyo, lakini ule mzito ulikuwa unachukua karibu dakika ishirini, maana yake walikuwa hawautumii kabisa. Zamani hawakuhesabiwa kwa sababu hawakufika. Walipofika, wakaharibu wastani.

Ukikisoma kisa hicho ukiwa unafikiria Kenyenya, unashtuka. Tovuti nzito ikifukuza watu wa mtoni, takwimu za ofisini zinapendeza zaidi. Waliobaki ni wale wenye simu nzuri na mtandao mzuri, na kwao kila kitu kinaruka. Meneja anaonyeshwa grafu, anafurahi. Hakuna grafu ya mama aliyengoja, akachoka, akaenda kulipa kwa noti kama zamani. Ndiyo maana hatukubali mtu atuambie tovuti mpya "ina kasi" mpaka aseme ina kasi kwa nani, wapi, kwenye simu ya mwaka gani.

Marekani nao waliona yao. Tovuti yao ya bima ya afya, HealthCare.gov, ilifunguliwa Oktoba 1, 2013. Siku ya kwanza watu sita ndio waliofanikiwa kujiandikisha mpaka mwisho. Sita tu. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo inatuhusu: mtu alilazimishwa kufungua akaunti kabla hata ya kuangalia bei. Kila aliyetaka kuchungulia tu alisukumwa kwenye mlango mmoja mwembamba, na mlango ukaziba. Kwa hiyo, kampuni yoyote ya malipo, yetu ikiwemo, ikiambiwa iwaombe wateja waingie na PIN ndipo waone ada za kutuma pesa, ikatae. Ada ni kama bei ya sukari dukani. Inabandikwa nje.

Wahandisi nao wana haki yao

Tusiwageuze wahandisi kuwa watu wabaya wa hadithi. Wakisema hawawezi kuhudumia kila kivinjari cha kale milele, wana sababu. Simu ambayo haipokei tena masasisho ya usalama ni nyumba yenye kufuli iliyooza. Kudumisha kurasa za aina mbili, nzito na nyepesi, ni kazi mara mbili, na kila ufa unapozibwa upande mmoja lazima ukumbuke kuziba wa pili. Na mashambulizi si hadithi. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa, na watu wakakwama na huduma walizokuwa wakizitegemea, muda mfupi tu baada ya maelfu ya huduma za serikali kuingizwa humo. Siku kama hiyo unaelewa kwamba usalama ni sehemu ya urahisi. Tovuti nzuri ambayo imelala haimsaidii mtu anayetaka cheti.

Kwa hiyo hatusemi kila mlango wa zamani ubaki wazi. Tunasema ukifungwa, mteja ajue miezi kadhaa mapema, kwa meseji ya Kiswahili cha kawaida, na wakala wake ajue kabla yake. Na njia ya kabambe ibaki. Tovuti na programu za simu ziende zinakotaka kwenda, lakini ile menyu ya nyota isiachwe ikaoza eti kwa sababu mainjinia wapya wanaiona ya kizee. Kule Kenyenya si ya kizee. Ndiyo inayofanya kazi betri ikiwa asilimia nne.

Kuhusu wakala tuseme moja zaidi. Kila tovuti ikibadilishwa, kuna mtu anafanya kazi ya kuieleza bila mshahara, na ni yeye. Foleni inajaa, mzee anampa simu, "Ebu niangalizie, imebadilika." Mara nyingi mzee anataja na PIN kwa sauti, wote wakisikia. Hiyo ndiyo gharama ya mabadiliko ambayo haiandikwi kwenye bajeti yoyote. Tungependa kuona kampuni zikiwaita mawakala kumi wa mahali kama Kenyenya, Ogembo na Nyamache kujaribu ukurasa mpya wiki kadhaa kabla ya wateja, na kuwalipa kwa siku hiyo. Watasema mambo ambayo hakuna mshauri wa Nairobi atayasema, na watayasema bila slaidi.

Wewe mteja ufanye nini

Tovuti yoyote ikibadilika, wakora nao huamka. Huo ndio msimu wao, kwa sababu hakuna aliyezoea sura mpya ilivyo, na ukurasa bandia unaweza kupita kirahisi. Ukipokea linki kwamba "thibitisha akaunti yako kwenye mfumo mpya", usiibonyeze. Andika anwani ya tovuti mwenyewe, herufi kwa herufi, au tumia menyu ya simu. Hakuna tovuti mpya inayohitaji umtajie mtu PIN yako kwa simu, hata akikuita kwa majina yako yote matatu na kukusalimia kwa Ekegusii kizuri.

Malipo yakikwama, ondoa kidole kwenye kitufe. Kwanza angalia meseji. Kama hakuna, angalia salio lako. Salio likiwa limepungua, malipo yalipita au yako njiani, kwa hiyo usilipe tena. Andika saa, kiasi na namba uliyolipia, kisha tupigie. Salio likiwa vile vile, ngoja dakika chache uangalie tena kabla ya kurudia. Unalipa karo? Mwombe mhasibu wa shule aangalie upande wake kabla hujatuma mara ya pili. Na wewe unayeuza, usimpe mtu bidhaa kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu yake. Angalia simu yako wewe.

Ukurasa mpya ukikufikia, ujaribu kwanza na kiasi kidogo, shilingi ishirini kwa mtu wa nyumbani, uone jina linatokea kamili na ada inaonekana kabla ya PIN. Kisha tuandikie. Tunataka kujua simu yako ni ya aina gani, ulikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, mvua ilikuwa inanyesha au la, na ukurasa uligoma hatua gani. "Nilikuwa karibu na mto, nikabonyeza Lipa, kikazunguka dakika tatu" inamtosha mhandisi kuanza kutafuta. PIN usitutumie.